Shefu na Chifu ni Neno Moja, Kwa Hivyo Tuache Kumnyima Mathe Jina

Juzi niliposti klipu ya sekunde 40. Mathe yuko jikoni kwake hapa Karatina, saa kumi na moja alfajiri, anaponda mukimo kwa mwiko mrefu karibu kama jembe. Mvuke umejaa mpaka lenzi ya simu imeingia ukungu. Hakuna muziki, hakuna filta. Juu yake nikaandika maneno mawili tu: "Shefu wangu."

Nikaweka simu mfukoni, nikaenda kumsaidia kupanga viti.

Kufikia saa nne komenti zilikuwa zimefurika. Wengi walikuwa poa. Wameweka mioyo, wameuliza hoteli iko upande gani wa soko, mmoja ameuliza kama tunaweza kumletea chakula mpaka King'ong'o. Lakini komenti iliyopata laiki nyingi kuliko zote ilikuwa hii: "Buda, huyo ni mama wa kibanda. Shefu ni mtu amesomea. Wacheni kuharibu majina ya watu."

Wasee, niliwaka. Nikaandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika lingine, likawa baya kuliko la kwanza, nalo nikalifuta. Ndipo nikagundua kwamba sikuwa na pointi, nilikuwa na hasira tu. Kwa hivyo nikafanya kitu ambacho sijafanya sana tangu niache chuo: niliketi nikasoma. Nilitaka kujua hili neno shefu limetoka wapi, na ni nani aliyesema ni mali ya wenye vyeti.

Nilichopata ni kitamu, ngoja niwape.

Shefu tumelitoa kwa Kiingereza, chef, nao Waingereza wamelitoa kwa Kifaransa. Lakini kwa Kifaransa, chef peke yake si mpishi. Chef ni mkubwa, msimamizi, yule anayeongoza. Mkuu wa stesheni ya treni ni chef de gare. Anayeongoza okestra ni chef d'orchestre. Na anayeongoza jiko ni chef de cuisine, mkubwa wa jikoni. Waingereza walipolichukua hilo la jikoni kwenye karne ya 19, baadaye wakaona ni refu, wakakata mkia, wakabaki na kichwa.

Na nikisema kichwa sifanyi utani. Chef limetokana na neno la Kilatini, caput. Maana yake ni kichwa. Hiki hiki kilicho juu ya shingo yako.

Sasa shika hapa. Karne nyingi kabla ya hapo, Waingereza walikuwa washaliazima neno hilo hilo mara ya kwanza. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliivamia Uingereza wakaitawala, na Kifaransa chao kikawa lugha ya wakubwa. Kwa njia hiyo neno la Kifaransa cha kale, chief, likaingia kwenye Kiingereza. Enzi hizo Wafaransa walitamka "ch" kama sisi tunavyoitamka kwenye chai. Baadaye wenyewe wakabadilisha matamshi, "ch" yao ikawa "sh", lakini Waingereza wakabaki na chief yao ya zamani. Waliporudi kwa Wafaransa kuomba tena, mamia ya miaka baadaye, wakapewa neno lile lile likiwa na sauti mpya: chef. Ndiyo maana wana champion kwa "ch" na champagne kwa "sh". La kwanza walilichukua mapema, la pili wakachelewa.

Kwa hivyo chief na chef ni neno moja lililoazimwa mara mbili. Na sisi kwa upole wetu tumeyachukua yote mawili. Chifu na shefu ni ndugu wa tumbo moja.

Yaani yule mzee wa baraza, ambaye muhuri wake unautafuta wiki nzima kwa sababu ya fomu ya basari, na yule jamaa wa kofia nyeupe kwenye bafe, jina lao ni moja. Wote wawili wanaitwa Kichwa.

Na ukoo hauishii hapo. Kapteni wa timu anatoka kwa caput. Chapter ya kitabu, kwa Kilatini, ni "kichwa kidogo". Hata kabichi, hizi kabichi zinazoteremshwa soko la Karatina kila siku ya soko, tumeitoa kwa cabbage, nayo imetoka kwa caboche ya Wafaransa wa kaskazini, maana yake, umeshajua, kichwa. Kwa hivyo ukikuja kwa mathe ukaagiza supu ya kichwa na kabichi kando, shefu akakupakulia, na chifu ameketi meza ya pili, hapo ni vichwa vinne. Chako ni cha tano.

Sawa, tumecheka. Sasa tuongee.

Kabla ya Waingereza kufika, Wakikuyu wa Nyeri hawakuwa na machifu wa aina hii. Mambo yaliamuliwa na wazee kwenye kiama. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuweka wakuu wa vijiji, na Kiingereza chao kilikuwa wazi kabisa: headman, mtu-kichwa. Mwaka 1912 sheria nyingine ikawapa nguvu zaidi. Kazi yao ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba, kutafuta watu wa kufanya kazi, na kuteremsha amri kutoka juu. Kwa hivyo huyo kichwa alichaguliwa na mwenye bunduki, halafu akaja kutambulishwa kwa watu wakiwa wameketi chini ya mti.

Upande wa jikoni mambo yalienda tofauti. Kwenye nyumba za walowezi wa Nyeri na Nanyuki, aliyesimama mbele ya jiko mara nyingi alikuwa Mwafrika. Alijua kuoka mkate kwenye jiko la kuni, alijua mchuzi wa bwana na keki ya mkewe. Lakini huyo hakuitwa chef. Aliitwa mpishi kwa kile Kiswahili chao cha kuamuru, au boi, hata kama ana wajukuu. Msaidizi wake aliitwa toto. Miaka hiyo hiyo, kwenye hoteli kubwa za London, mwenye jiko aliitwa chef na mabwana wakubwa wakajua jina lake. Neno walikuwa nalo. Hawakufika nalo huku.

Sisi watu wa huku tumelelewa na stori za hoteli. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliishi miaka yake ya mwisho kwenye nyumba ndogo kwenye bustani ya Outspan, akafa hapa Nyeri Januari 1941. Elizabeth alipanda Treetops Februari 1952 akiwa binti wa mfalme, akashuka akiwa malkia. William Holden, staa wa filamu kutoka Marekani, alianzisha Mount Kenya Safari Club pale Nanyuki mwaka 1959. Hizo tunazijua kama ABC. Tunajua nani alilala wapi na alitazama ndovu kutoka dirisha gani. Kwenye stori hizo chakula hutokea tu mezani, kama mvua.

Turudi kwa yule jamaa wa komenti. Alisema shefu ni mtu amesomea. Basi tuangalie hao mashefu wenyewe, wale wa kwanza kabisa.

Marie-Antoine Carême alizaliwa Paris mwaka 1784, familia maskini. Wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, akiwa bado mtoto, aliachwa ajitafutie. Alianza kwa kazi za jikoni kwenye mkahawa wa bei rahisi, na malipo yake yalikuwa chakula na mahali pa kulala. Kwa lugha yetu, alianzia kibandaski. Huyo ndiye baadaye alimpikia mtawala wa Uingereza, na vitabu vyake vikawa msingi wa upishi wa Kifaransa.

Auguste Escoffier alizaliwa mwaka 1846. Akiwa na miaka 13 aliingia jikoni kwenye mkahawa wa ankoli wake, mji wa Nice. Hakukuwa na diploma, kulikuwa na ankoli mkali na masufuria. Mwaka 1870 Ufaransa ilipopigana na Prussia, alipikia jeshi. Mwaka 1890 alipochukua jiko la hoteli ya Savoy, London, akalipanga kijeshi: kitengo cha michuzi kina mkubwa wake, cha kuchoma kina wake, cha vitu vitamu kina wake, na juu ya wote yuko mkubwa mmoja. Mpango huo unaitwa brigedi mpaka leo, na hoteli zetu kubwa bado zinautumia.

Kwa hivyo hao wawili, ambao kila mwanafunzi wa upishi anafundishwa majina yao, walijifunzia kwenye chungu. Yaani kama mathe.

Na hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba mimi na yule jamaa wote tulikuwa tumekosea. Yeye alidhani shefu ni jina la elimu. Mimi nilidhani ni jina la ufundi, ndiyo maana nikampa mathe kama zawadi. Lakini shefu ni jina la cheo. Linasema nani yuko juu ya nani. Unaweza kuwa shefu na hujashika kisu mwezi mzima, kazi yako ni kuagiza, kuonja na kugombeza.

Sasa angalia neno letu. Mpishi limetoka kwa kupika, kama mlinzi alivyotoka kwa kulinda. Kwa Kikuyu ni mũrugi, kutoka kũruga. Hakuna kichwa hapo, hakuna mkia. Neno linasema tu huyu anapika. Anayetaka kujua ni mkubwa wa nani atafute jibu kwingine.

Shida ni kwamba mishahara inafuata cheo.

Mathe alifanya kazi miaka tisa kwenye hoteli moja ya watalii huku juu. Sitaitaja, na si lazima, kwa sababu unaweza kuweka yoyote hapo. Kwenye karatasi alikuwa "msaidizi wa jikoni". Mukimo wa bafe ulikuwa wake. Mchuzi wa mbuzi ulikuwa wake. Njahi, ambazo wageni walipigia picha wakidhani ni dessert, zilikuwa zake. Jioni moja wageni wakaomba kumwona shefu wampongeze kwa ule mukimo. Shefu akatoka na kofia yake, akapigiwa makofi, akapigwa picha. Mathe alikuwa nyuma ya mlango anakwaruza sufuria la mukimo huo huo. Mshahara wa shefu ulikuwa zaidi ya mara nne ya wake.

Aliponisimulia alikuwa anacheka. Mimi ndiye sikucheka. Hoteli ilipopunguza watu, wa kwanza kwenda walikuwa wasaidizi, kwa sababu kwenye karatasi wasaidizi hawapiki kitu. Hivyo ndivyo alivyofika Karatina na jiko moja la makaa na meza mbili.

Sasa ngoja niwe fea. Shefu wa cheti si adui yangu. Kenya Utalii College imekuwa ikifundisha watu tangu miaka ya 1970, na kile wanachofundishwa si mchezo. Kupigia sahani hesabu ili biashara isife. Kuhifadhi nyama isiue mtu. Kupikia watu 300 chakula kikatoka kwa wakati na kina ladha moja. Kujua kwamba karanga kidogo zinaweza kumpeleka mgeni hospitali. Nina rafiki anayesomea hiyo kazi, na karo yake naijua kwa sababu tumeichanga. Mtu aliyelipa hivyo ana haki ya kuuliza jina lake linatumiwa vipi.

Na najua kitu kingine mnachofikiria. Huyu aliacha chuo mwaka wa pili, lazima atachukia vyeti. Hilo lipo kidogo, sikatai. Kuna siku nikisikia neno "graduate" tumbo linakaza. Lakini pointi yangu inasimama hata ukitoa mimi: cheti kinathibitisha ulichofundishwa, hakifuti alichojifunza mwingine. Dennis Ombachi alichezea Kenya raga, leo nchi nzima inamjua kama The Roaming Chef, na anastahili. Hapo hatukulalamika. Mbona tunalalamika tu neno likifika kwa mama aliyefunga leso kiunoni?

Jibu silipendi, lakini nadhani ni hili. Tukiwa ndani ya kibanda tunaona umaskini kwanza, halafu chakula. Sahani ya mukimo na mchuzi ya 150 tunaiita ghali, tunaomba saosa, tunaomba avocado ya bure, tunaomba tulipe kesho. Halafu Jumamosi tunakunywa kahawa ya 400 Nanyuki na tunashukuru kwa Kiingereza. Na sisi tunaotengeneza kontenti ndio wabaya zaidi. Tunapiga picha sahani kutoka juu, tunataja mtaa, tunaandika "chakula cha mtaa ni moto", na jina la aliyepika hatuna. Nimeangalia klipu zangu za mwaka mzima uliopita. Nimeonyesha vibanda vya Chaka, Othaya, Kerugoya na Embu. Majina ya wapishi niliyotaja hayajai mkono mmoja. Mimi, mtoto wa mpishi.

Jioni nikamwendea mathe nikamweleza yote. Alikuwa anachambua njahi kwenye uteo. Nikamwambia habari ya Kilatini, ya Wanormani, ya yule mtoto wa Paris aliyeachwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo shefu ni chifu?"

"Ni neno moja, mathe."

"Wee baba," akasema. Huniita baba kwa sababu nilipewa jina la babake. "Mimi usiniite hivyo. Chifu alikuja akamwaga muratina yote ya shosho wako, mtungi mzima, na ilikuwa ya ruracio ya tata wako. Niite mpishi."

"Lakini watu wanaona mpishi ni kitu kidogo."

Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye njahi. "Ni wewe ulisema na sauti ndogo. Lile la shefu ulilisema na sauti kubwa. Sema mpishi na sauti ile ile."

Halafu akageuka, akamwambia msichana wa chapati apunguze moto, akamtuma kijana wa kuosha vyombo akalete maji, na akamkumbusha mzee mmoja mezani kwamba ana deni la Alhamisi. Watatu wote wakatii. Ukitaka maana kamili ya Kifaransa, ilikuwa imesimama hapo na leso. Lakini sikumwambia.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kama neno shefu ni la cheo, basi mama anayeendesha jiko la watu watatu analistahili sawa na mwanamume anayeendesha la watu thelathini, na hakuna anayepaswa kumnyima. Lakini vita ninayotaka sana si ya kugawa shefu kwa kila mtu. Ni ya kulipa neno mpishi uzito. Hoteli iandike mpishi kwenye karatasi ya anayepika, imlipe kama anayepika, na wageni wakitaka kupiga makofi, aitwe aliyeponda. Sisi tunaopiga video tuulize jina kabla ya kuwasha kamera, na tuulize kama anataka kuonekana. Wewe unayekula, kama huna doo siku hiyo, sema, utasaidiwa. Lakini kama unazo, usimpigishe bei mtu aliyeamka saa tisa usiku.

Nimebadilisha maneno kwenye ile klipu. Sasa yanasema: "Mpishi wangu." Nikaweka herufi kubwa kabisa ambazo programu inaruhusu.

Yule jamaa wa komenti ameweka laiki. Sijui kama ameelewa au anafikiri ameshinda. Namkaribisha Karatina, chai ni juu yangu. Saosa atalipa.

Na wewe, aliyekupikia leo anaitwa nani? Si jina la hoteli. Jina lake. Andika hapo chini. Kama hulijui, nenda uulize kwanza, halafu urudi.